Maranda kwenye wavu wa rejeta

Shoga, umeamka? Mlango wa jikoni wa jirani umelia kwiii kabla hakujapambazuka, nami nikachungulia dirishani.

Unajua mjukuu wangu na wenzake wanakata miti kwa yule jirani fundi cherehani, na mashine yao ya kusaga matawi inalala pale uani. Kila jioni mjukuu wangu anausugua wavu wa rejeta ya injini kwa brashi mpaka upepo upite. Kila asubuhi injini inachemka tena, wavu umejaa. Tajiri wake keshasema ikichemka leo, kazi hana.

Nikasema hapa pana mkono wa mtu.

Nimetoka, namkuta fundi mwenyewe. Fundi, shoga. Sahani mkononi, anapachika maranda ya matawi kwenye wavu, taratibu kama anashona.

Yule yule aliyenishonea gauni la msiba akakataa hela.

"Unamfukuzisha mjukuu wangu kazi, baba?"

Akainamisha kichwa. "Wakimaliza miti watakwenda zao, mama. Tangu mke wangu afariki, ni hawa tu wanaoniamkia."

Hasira zikaniishia pale pale.

Tumeusafisha wavu pamoja, yeye kwa brashi, mimi kwa vidole, mpaka ukapitisha mwanga. Lakini simwamini bado. Nipo hapa dirishani mpaka vijana waje, nione kama atarudi na ile sahani.

Maana nilipokuwa natoka aliniita getini, sauti ndogo.

"Mama, hata wakimaliza, wewe utakuja tena?"