Wachezaji Kumi na Wanne

Gerezani, Dar es Salaam
3 Oktoba 1983

Kwa shemeji Awadhi,

Salaamu. Mimi na dada yako Zena hatujambo. Tumefurahi kusikia mama ameanza kunywa uji.

Shemeji, usirudi Dar kwanza. Karakana imepunguza wachezaji wa timu yetu ya mpira wanaoandikwa kazi. Wamebaki kumi na wanne, na jina lako halimo. Wakubwa ndio waliokata. Mimi kocha tu, sikuulizwa. Nayo kampeni ya Nguvu Kazi imepamba moto: Kariakoo asiye na kitambulisho cha kazi anapakiwa kwenye lori, anapelekwa mashambani. Kaa huko Lindi mpaka nikuandikie.

Shemeji yako,
Bakili


Shamba la mkonge, Tanga
20 Novemba 1983

Shemeji Bakili,

Habari za hapo? Mimi mzima, ila viganja vimechanika.

Barua yako ilifika Lindi nimeshapanda basi la Dar. Mama amenitumia huku. Nilikamatwa Mtaa wa Kongo. Nikasema mimi ni mfanyakazi wa karakana, wakanipeleka hadi getini. Karani Eliasi akafungua orodha, jina hakuna. Nikamwomba atazame tena. Akanigeuzia karatasi niisome mwenyewe. Mwandiko ulikuwa wako.

Goti lako lilipovunjika uwanja wa Jangwani mwaka 1979 walitaka kukuachisha kazi. Nani aliingia ofisini akawaambia, "Mpeni timu aifundishe"?

Niandikie ukweli.

Shemeji yako,
Awadhi


Gerezani
6 Desemba 1983

Shemeji,

Zena hajambo, lakini hazungumzi nami tangu asome barua yako.

Waliniambia nichague kumi na wanne. Una miaka thelathini na tano, mbio zimekwisha, na timu ikishuka daraja mimi naondoka. Katika nafasi yako nikamwandika Wilbert, yule winga wa miaka kumi na tisa. Kisha nikaona haya kukuambia.

Jana meneja alikubali urudi, nikitoa mtu mmoja. Nitamtoa Wilbert. Nijibu upesi, kitambulisho nitakuletea mwenyewe.

Shemeji yako,
Bakili


Shamba la mkonge, Tanga
19 Desemba 1983

Bakili,

Nisalimie Zena. Mwambie mikono inapona.

Usimtoe Wilbert. Hapa wapo wa rika lake, nimeona mkonge unavyowafanya. Ningekuwa mimi kocha, ningemwacha Awadhi nje vilevile. Yule kijana anakimbia, mimi sikimbii tena. Hilo sikulaumu. Lakini ningepanda basi la Lindi, nikakaa mbele yake, nikamwambia kwa mdomo wangu. Wewe uliandika uongo, nami nikaligombania jina langu getini watu wakitazama.

Wanasema tutaachiwa mwezi wa tatu. Nitafikia kwako, nimwone dada yangu. Siku hiyo usiende uwanjani. Kaa nyumbani unisikilize.

Kaka yake Zena,
Awadhi