Vijiti vya Meno vya Brina

Livio na Marzia,

Supu ya dengu iko jikoni, ipasheni tu. Kuni za kando ya jiko nimezitoa zote nje uani, Livio. Utazipanga mwenyewe.

Nyuma ya kuni nimekuta vile vijiti vya Brina vya kusafishia meno. Vyote, vizima, havina hata alama ya jino. Kumbe kila jioni mnamrushia sakafuni, vinabingirika huko, mnageukia simu zenu, halafu mnajisifu kuwa mbwa anatunzwa! Livio, marehemu baba yako alimfundisha asile kitu cha chini, asije akaokota nyama ya sumu wanayotegeana wachimba uyoga wa chini ya ardhi kule msituni ili kuuliana mbwa wa kunusa. Si ulikuwepo? Brina anakula cha mkononi tu.

Leo asubuhi nikampa kimoja kwa mkono. Akakipokea, akauma, akalia. Kiganja changu kikajaa damu na usaha. Nampeleka kwa daktari. Kasema kwenye simu meno mengi yatang'olewa, na kwa uzee ule huenda asiamke baada ya dawa ya usingizi.

~~Hata mimi sahani yangu mnaniwekea tu mezani mkaondoka.~~

Akirudi, mlisheni kwa mkono. Asiporudi, vijiti nimeviacha hapo sakafuni. Okoteni nyinyi.

Mama