Magugu Hurudi Jioni

Jumanne, 5 Agosti 1997

Hesabu ya binti yangu Adhiambo imechaguliwa! Kati ya wote wa mwaka wa mwisho pale chuo kikuu, mradi wake ndio utasomwa mbele ya maprofesa. Nilimwambia kila mtu sokoni kabla sijafunua hata karai. Leo nimeuza mgongo wazi, ile mifupa ya samaki waliotolewa mnofu, huku naimba. Kichwa kimoja cha samaki mbuta nimekitoa bure, na mimi si mtu wa kutoa bure.

Mimi niliishia darasa la sita kule kwetu Ntimaru, mpakani. Hesabu yangu mwisho ni chenji. Lakini tumbo hili hapa ndilo lilimzaa.

Mradi wenyewe ni wa magugu maji. Anatafuta vile yanavyozaana na vile upepo unavyoyasukuma kwa ghuba yetu. Fundi alimtengenezea fremu ya mbao, anaielekeza majini na kuhesabu mimea iliyo ndani yake. Jirani yangu Mama Pamela akaniuliza kama tunajenga nyumba ndani ya ziwa. Nikamwambia, "Wewe ngoja, utaiona kwa gazeti."

Sherehe ya kumpongeza ni Jumapili tarehe 24, kabla hajarudi chuo. Ndugu zangu watatoka Ntimaru, wapitie Migori. Mama mkwe wangu, ambaye Adhiambo humwita Dani, yaani bibi, atatoka kisiwa cha Takawiri kwa mashua ya shemeji Okoth pamoja na watu wa huko. Okoth alileta samaki leo, nikampa neno apeleke: Dani ashukie gatini, atakuta kiti kinamngoja. Tangu siku niliyoolewa ananiita msichana wa mpakani. Mwanawe, mume wangu, amekufa, mimi bado ni msichana wa mpakani. Aje aone mpakani kumezaa nini.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimekasirika.

Adhiambo anasema watu wa Takawiri wasije kwa maji mpaka hapa, washukie Mbita waje kwa barabara. Ati asubuhi upepo hutoka nchi kavu na kuyapeleka magugu mbali, ziwa likaonekana wazi. Alasiri upepo hugeuka, yote yanarudi. Na kila yakirudi yamekuwa mengi kuliko yalivyotoka. Alikata leso yangu nyekundu kuukuu vipande vipande, akavifunga kwenye magugu ajue yanaenda wapi. Asubuhi unaona wekundu kule mbali. Jioni wekundu uko chini ya gati.

Nikamwambia nusu ya ghuba ni maji matupu, hata kipofu anaona. Akasema, "Mama, hiyo nusu ndiyo inaniogopesha. Kitu kinachojizidisha mara mbili kikishafika nusu, hakina safari ndefu tena."

Nimeshawaambia watu gati. Nitawaambia nini sasa? Barabara ya Mbita ni mashimo, Dani anaumwa mgongo. Na mimi nataka ashuke mbele ya soko lote. Ndiyo. Nimeandika.

Jumapili, 10 Agosti

Kiti kimekwisha. Cha mvule, kina mto wa kijani. Nilikibeba mpaka gatini kujaribu mahali pa kukiweka. Vijana wa mashua wakaanza, na lile jina lao la kuniita binti wa Wakuria. "Nyar Kuria, hiyo ni ya chifu?" Nikasema ni ya mama wa marehemu. Mmoja akasema, "Basi mwambie huyo profesa wako ahesabu hizi majani kurudi nyuma, zitoke tuvue!" Wakacheka sana. Mimi pia nilicheka.

Halafu nikaangalia chini. Kipande cha leso yangu kilikuwa kimekwama kwenye nguzo, na mmea uliokuwa nacho ulikuwa na watoto pande zote.

Jumanne, 12 Agosti

Okoth alifika amechelewa, mikono imechubuka. Aliingia magugu yakiwa yameanza kurudi, akalazimika kuyakata kwa panga. Injini ilimezwa na mizizi mara mbili. Samaki nusu wameharibika.

Adhiambo alimwonyesha vile vitambaa. "Baba mdogo, ukiona nyekundu, geuka. Usijaribu kupita." Okoth akamwambia yeye alizaliwa ndani ya mashua, asifundishwe maji na msichana aliyezaliwa hospitali. Lakini alimsikiliza, nilimwona.

Hapa ndipo ningesema. Okoth alikuwa mbele yangu, anakunywa chai yangu. Ningesema tu: mwambie Dani aje kwa barabara ya Mbita. Badala yake nikamwambia, "Mwambie kiti kiko tayari." Akacheka, akasema mama anashona nguo mpya ya safari, hajashona nguo tangu mazishi.

Leo analala mjini. Ataondoka asubuhi na upepo wa kutoka.

Nilisahau kuandika hili: kuja si shida kubwa. Asubuhi kunafunguka kidogo. Shida ni kurudi. Mama hawezi kulala nyumba ya mwanawe, hata kama mwanawe hayuko tena. Ni mwiko, na Dani hawezi kuuvunja hata siku moja. Atakula, atainuka alasiri, atataka mashua. Alasiri ndiyo saa ya magugu.

Alhamisi, 14 Agosti

Wamekuta mashua katikati ya magugu. Taa ilikuwa ndani, na nyavu, na sufuria yenye ugali. Mtu hakuwamo. Wanasema ni mtu wa upande wa Kendu. Wengine wanasema alijaribu kutembea juu ya majani, kwa vile kwa macho yanafanana na shamba. Wengine wanasema kiboko.

Sokoni leo hakuna aliyetania.

Mama Pamela ananiambia watu wameanza kusema mtoto wangu amefunga ziwa kwa vitambaa vyekundu. Yeye haamini, ananiambia tu. Nilimjibu vibaya. Kisha nikarudi nyumbani nikamwambia Adhiambo asiende majini peke yake. 

Sabato, 16 Agosti

Kanisani mchungaji aliombea walio ziwani. Mimi nilimwombea mmoja tu. Sikuwahi kufikiri nitamwombea yule mama mkwe kwa jina.

Jumanne, 19 Agosti

Okoth hakuja. Mashua yoyote ya visiwani haikuja. Nilisimama gatini tangu alfajiri. Upepo wa kutoka nchi kavu ulivuma, nilisikia baridi yake shingoni, lakini magugu hayakutoka. Yalitikisika tu, kama ng'ombe aliyelala.

Kijani mpaka nisipoona.

Sasa neno langu liko Takawiri na siwezi kulifuata. Dani anajua Jumapili. Anajua gati. Anajua kiti. Mdomo wangu umefika mahali miguu yangu haifiki.

Jumatano, 20 Agosti

Nilimwambia Adhiambo anionyeshe. Miezi yote nimejisifia hiyo hesabu na sijawahi kuitazama.

Ni karatasi yenye mstari. Mstari unalala chini muda mrefu kama mtu mvivu, halafu unainuka ghafla. Juu amechora mstari mwingine umenyooka. Anasema huo ni mdomo wa ghuba. Mistari inapokutana ndipo hata asubuhi hakufunguki. Alikuwa amekadiria mwisho wa mwezi. Magugu yametangulia. Anasema alikosea kidogo kwenye upepo. Alisema hivyo akilia.

Nikamuuliza, "Na Dani yuko wapi kwenye karatasi hii?"

"Hayuko, mama. Sikujua kumweka."

Nilimpikia uji. Hakunywa. Nikamwambia mimi ndiye niliyemweka Dani humo, si yeye.

Alhamisi, 21 Agosti

Adhiambo ameondoka na gari la kwanza kwenda Mbita. Huko maji bado yako wazi, na mashua za Takawiri hutia nanga kuuza omena, dagaa wa ziwa. Amebeba neno langu: Dani ashukie Mbita, aje kwa barabara, mgongo tutaukanda. Na kama wameshaondoka kwa maji, Okoth akumbuke nyekundu.

Mimi nilienda kwa vijana wa gatini. Sikujua nitaanzaje. Nikasema, "Wanangu, Jumapili nina mama mkwe majini." Hakuna aliyecheka. Yule wa "profesa wako" ndiye aliuliza saa ngapi. Watakuwa hapo na panga na miti mirefu, wafungue njia kadiri itakavyofunguka. Mmoja akasema, "Mama, hatuahidi." Nimeshukuru hata hivyo.

Ijumaa, 22 Agosti

Adhiambo amerudi. Vumbi mpaka kwenye kope. Alimpata mama mmoja wa Takawiri anayeuza omena, akamwambia maneno yote mara mbili. Mashua yake ilikuwa inaondoka. Yule mama alisema atafikisha upepo ukimruhusu. Basi. Hakuna wa kuuliza tena.

Mama Pamela ametoa chumba chake. Ametandika shuka safi na kuweka maji ya kuoga. Kwake si kwa mwanawe, Dani anaweza kulala bila kuvunja mwiko. Nilimwomba msamaha kwa yale majibu. Akasema, "Achana na hiyo, nyar Kuria, leta tu mbuzi mnono."

Kabla jua halijatua nilikitoa kiti gatini. Nimekiweka kando ya barabara ya Mbita, chini ya paa la duka, mto wake nimeufunika na gazeti. Kipande cha mwisho cha leso, kile kikubwa, kijana mmoja amenifungia juu ya mti mrefu mwisho wa gati. Kinaonekana kutoka mbali, Okoth akija kwa maji akione ageuke. Nimekitazama mpaka nikahakikisha.

Kesho ni Sabato, sitapika. Maji yametulia. Hayana hata sauti, kwa vile magugu yameyafunika yote.

Ndugu zangu wa Ntimaru, watu wa kanisa, watu wa Takawiri. Watakuja wote Jumapili.