Jeli Yangu ya Mwani Huko Juu

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Imepanda! Roketi imeondoka na jeli yangu ya mwani, iliyopikwa hapahapa Shella. Huku chini, gegedu la goti, ule mfupa laini wa kiungo, likichapwa kwa mashine kutokana na seli hai huporomoka kwa uzito wake kabla halijashikana. Kule juu hakuna uzito. Jeli inalibeba tu, nalo linakua.

Wapishi wa jeli tuko watatu. Kwenye orodha yao Mjapani kaandikwa kwa jina. Mdenishi kwa jina. Mimi? "Malighafi ya pwani, sampuli C." Malighafi! Mimi niliyejifunza kwa sufuria yangu, kilo ya mwani mbichi kupata gramu ishirini za unga, bila mwalimu!

Joram wa maabara ya Nairobi kaniahidi: gegedu likirudi zima na jeli ikapasishwa, jina langu linaandikwa, na mwaka ujao napika mimi. Likiharibika — narudi sokoni Malindi na vikombe vyangu vya jeli nyekundu.

Ijumaa, 14 Novemba

Limeshikana! Joram katuma picha. La Mdenishi limepasuka katikati. Langu zima, milimita tisa! Bi Fahima, anayenioshea chupa, kapiga vigelegele hadi jirani akauliza nani kaposwa.

"Goti!" nikamjibu.

Jumanne, 25 Novemba

Chupa zimerudi. Joram kapiga simu, sauti si yake. "Dada Mapenzi, tumefungua chupa yako, maabara nzima inanukia harusi. Umetia nini?"

Sijatia kitu! Nikamgeukia Bi Fahima. Wala hakutahayari. Alizifukiza chupa ubani kabla sijamimina jeli, kama mtungi wa maji ya kunywa. "Shombo la mwani lile, mwanangu, ulipeleke mbinguni? Aibu ya nani?"

Kanuni yao: kikiingia kitu kisichotajwa, sampuli hutupwa. Nilitaka kulia, nikacheka mpaka mbavu zikauma. Ningeweza kusema sijui. Nimesema kweli. Joram akaniambia: seli zote zi hai, na kesho mkubwa wao anataka kuuona huo moshi.

Jumatano, 26 Novemba

Simu nimeiegemeza kwenye sufuria, wanatuona kwa video. Bi Fahima kavaa buibui la Idi, chetezo kinafuka. Dokta Kiprop, huyo mkubwa, kasema "Habari, mama" — akatazamwa tu. Joram kamnong'oneza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, tazama."

Kaipindua chupa juu ya moshi, midomo inacheza. Dokta kauliza ni dakika ngapi.

"Salawati saba."

Nimepima mimi: sekunde hamsini. Nikamtajia.

Sasa wamezima sauti, wanashauriana kama sampuli C inapita. Naandika huku nawatazama. Bi Fahima anataka kujua wanasema nini — mimi nijue wapi! Naona midomo tu. Dokta anatikisa kichwa. Joram anamsogezea chupa iliyorudi. Dokta ananusa. Anaiweka mezani.

Anaichukua tena!