Flash ya Doluka na Harusi ya Gathoni

Nabil, Sumaya, na Baba yenu pia (anajua kwa nini),

Mama ameenda soko la Toi kutafuta mapazia. Chapati za gurusa zimefunikwa mezani, mchuzi pasheni moto. Saa sita Gathoni anakuja kutoka Kawangware kuchukua video ya harusi yake, ile Mama alishuti. ~~Msiguse kompyuta.~~ Iwasheni tu, imepona.

Asubuhi ilipokataa kumount, yaani kufungua, disk yenye harusi za wateja, ikabaki skrini nyeusi na maandishi, wote mligeukia Mama: "Si ni wewe uliiwekea kompyuta hiyo Linux?" Baba yenu akatangaza kwamba harusi ya watu imeliwa. Mama akaacha chai yake ipoe, akainama kukagua waya.

Kumbe nyuma ya kompyuta kulikuwa na flash ya Baba yenu, ile ya nyimbo za ngoma ya doluka, aliyoisahau jana akijichezea peke yake sebuleni. Mama alikuwa ameiagiza kompyuta itafute harusi kwenye disk ya pili. Leo flash ikahesabiwa ya pili, disk ikawa ya tatu. Kompyuta ikatafuta harusi ndani ya doluka, ikakwama.

Sasa Mama amebadilisha: disk inatafutwa kwa namba yake yenyewe, kama ya kitambulisho, hata ikihesabiwa ya kumi. Flash iko juu ya friji. Baba Nabil, irudishe ucheze, haina neno.

Kompyuta imejifunza kuuliza ni nani kabla ya kupiga kelele. Humu ndani wamebaki watatu wa kujifunza.

Mama