Rukia wa Redioni

Idsowe,
Kwa mkono wa Roba, dukani Garsen.
14 Novemba 1957

Mpendwa Kaka Dhadho,

Pokea salamu zetu kutoka huku mtoni. Je, kile kifua chako kimepoa? Sisi tu wazima. Mama sasa anapata usingizi, na mpunga umeanza kuchanua.

Nina habari ya Shangazi Tuneya. Wajua tangu mtumbwi ulipopinduka na mto ukamchukua binti yake Arafa, mwili haukuonekana, naye hakutoa chozi. Husema tu, "Hajazikwa, nimlilie nini?"

Basi Roba, yule Muorma mwenye duka, amenunua redio ya betri. Kila Alhamisi baada ya alasiri ulikuwa ukitoka mchezo wa msichana Rukia, aliyeozwa mbali kwa mume katili. Kaka, watu walinaswa! Wachungaji waliacha ng'ombe nje wakaja kusikiliza. Roba aliacha sukari kwenye mizani akamtukana yule mume kana kwamba yuko mlangoni.

Shangazi nilimpeleka mimi. Rukia alipocheka, Shangazi akanishika mkono. "Huyo ni Arafa." Nikamwambia ni mwigizaji tu, yuko Mombasa. Hakunisikia. Tangu hapo hakukosa Alhamisi, na kila akija huweka ndizi mbivu kando ya redio, mwanawe ale.

Mwezi uliopita Rukia akaugua. Akaita, "Mama, maji!" Shangazi akainuka, akachota mtungini, akasimama na kata mbele ya redio, hajui ampe nani. Kisha Rukia akakata roho.

Shangazi alipiga ukelele ng'ombe wakatimka. Alimlilia Arafa kwa jina, akagaagaa chini. Wanawake hawakumcheka. Walimfunika kanga, wakamleta nyumbani, wakakaa naye matanga. Baba akamwita mwalimu wa chuo cha Kurani, na Arafa akasomewa hitima, ndiyo mara ya kwanza miaka yote hii. Nikadhani sasa shangazi atapumzika.

Mchezo umekwisha, saa ile siku hizi husomwa bei za mifugo. Naye bado huenda. Juzi betri zilikuwa zimekufa, redio imezimika kabisa. Shangazi akaniambia, "Nyamaza. Anapumua." Nikainamisha sikio, nimridhishe tu.

Kaka, nilisikia.

Sijamwambia mtu ila wewe. Ukipata ruhusa kazini, njoo.

Baba, Mama na Ami Godhana wanakusalimu. Nisalimie mkeo Sadia na watoto. Mungu akulinde mchana na usiku, akurudishe kwetu na afya yako.

Ni mimi dada yako, nikupendaye daima,
Mwanaarusi