Banda la Zabibu Nililoandika Halitumiki

Nzuguni, Dodoma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti limepoa, au bado unapanda mlimani kwenye kahawa kwa ubishi? Mimi ni mzima. Upepo na vumbi la huku nimevizoea, hata mwili nimeongeza. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ukishaniuliza nimekula nini, salio linaisha.

Kazi ni ile ile, kuzunguka mitaani na futi kamba, napima na kuchora majengo yaliyoachwa ili ofisi iamue lipi libomolewe na lipi wapewe wananchi. Mwezi uliopita nilifika kwenye banda kuukuu lililojengwa kupokelea zabibu. Bati lina kutu, miiba imefika dirishani, mlangoni kufuli. Nikapima nje, nikachungulia nikaona giza, na kwenye fomu, penye matumizi ya sasa, nikaandika: halitumiki. Nikasaini. Likaingia kwenye orodha ya kubomolewa, pawe maegesho ya magari.

Wiki iliyofuata jirani yetu wa huku akafariki. Nikaenda msibani kumenya vitunguu na wanawake wenzangu. Mara ukaja mkokoteni umejaa masufuria makubwa, maturubai, mikeka na mabenchi. Nikamuuliza Mama Msafiri, mwenye nyumba wangu, vimekodiwa wapi.

"Vya kwetu hivi, vya kikundi cha kuzikana. Vinakaa banda la zabibu. Kwani si wewe uliyekuja kulipima?"

"Uliniona?"

"Nilikuona. Nikajua umeona kufuli ni jipya, umeelewa."

Niliona aibu, mama, mpaka machozi yakanitoka, nikasingizia vitunguu.

Baada ya mazishi nikamfuata mkuu wangu, nikamwambia nilikosea.

"Lakini umesaini mwenyewe," akasema.

"Ndiyo, ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Akanipa mpaka Ijumaa nimpelekee mchoro na maelezo ya wanaolitumia.

Tukakaa bandani siku mbili na akina mama, wao wanasema, mimi nachora. Meko ya kudumu nyuma, tanki la maji ya mvua pembeni. Mmoja akataka siku zisizo na msiba watoto wadogo wasomee humo. Mama Msafiri akakataa katakata, eti watachezea masufuria. Wakabishana mpaka chai ikapoa, mwisho tukakubaliana niweke ukuta wa kutenga vyombo. Sijawahi kuifurahia kazi yangu kiasi kile.

Ijumaa mkuu akaja mwenyewe. Akazunguka, akauliza maswali, akakaa kwenye benchi kulijaribu. Banda limetolewa kwenye orodha. Ukuta na tanki bado viko kwenye karatasi tu, ila hakuna wa kulibomoa.

Nisalimie baba, mwambie nimesikia anaruka dozi. Msalimie kaka na mkewe, shangazi fundi cherehani, na jirani yetu katekista.

Halafu kuna hili, usishtuke. Nimejiunga na kile kikundi. Kwenye daftari lao kila mwanachama anaandika ndugu wa kupewa taarifa likimpata la kumpata. Nikaandika jina lako. Nikaufikiria umbali wa huko Mbinga, nikabaki nimeshika kalamu. Mama Msafiri akaichukua mkononi mwangu, akaandika jina lake chini ya lako.

Mwanao anayekupenda,
Restituta